Undugu Aliouanzisha Mjomba

Mjomba wangu ndiye aliyewafanya ndugu. Waliochora ile katuni huko Japani hawakusema popote kwamba yule kijana mwenye nywele nyekundu na yule binti wa fimbo ni mtu na dada yake. Mjomba ndiye aliyesema hivyo kwenye maiki, Jumamosi moja mchana, na mtaa wetu wote hapa Bariadi ukaamini.

Mjomba ana kibanda umiza, banda la kuonyeshea video kwa kiingilio. Ni mabati, turubai madirishani, mabenchi, TV moja kubwa na spika mbili, ya ndani na ya nje mlangoni ili wapita njia wasikie ngumi zinavyolia. Katuni za Kijapani za kupigana ndizo zinazojaza watu. Zinakuja na sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini, na maandishi yenyewe yanapita mbio, kwa hiyo mjomba hushika maiki na kutafsiri papo hapo. Nasema kutafsiri kwa kumheshimu tu. Nusu anasoma, nusu anatunga. Akiona watu wawili wanabishana na maandishi yameshampita, anasema, "Hapa anamwambia, wewe umenizoea!" na kibanda kizima kinapiga makofi.

Mimi niko kidato cha tatu na Kiingereza nakisoma bila shida. Darasani hawajui, kwa sababu sinyooshi mkono. Mwalimu akiniuliza kitu, jibu linafika kwenye meno halafu linarudi lilikotoka. Lakini kibandani nilikuwa nakaa meza moja na mjomba, kazi yangu kuchomeka flashi na kupunguza sauti anapotaka kuongea, kwa hiyo nilisoma kila kilichopita pale chini. Nilijua wanachosema wale wa kwenye katuni, na nilijua anachosema mjomba. Sikuwahi kumsahihisha. Za kwake mara nyingi zilikuwa tamu zaidi.

Sasa huo undugu ulivyoanza. Mke wa mjomba alijifungua, na mama yake akaja kutoka Sola kumsaidia kulea mtoto. Kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake, kwa hiyo bibi alilala kwetu, chumbani kwangu, maana nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Mjomba akitaka kupita uani anakohoa kwanza, bibi anageuza uso. Wakiwa na jambo la kuambiana wanamtafuta mtu wa katikati, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. "Mwambie mjomba wako mtoto anapelekwa kliniki kesho," bibi anasema, na mjomba yuko palepale nyuma ya ua, amesikia vizuri, anangoja tu nimwambie.

Hakuna aliyetegemea kwamba bibi angependa ngumi. Jumamosi ile alifuata sauti ya spika, mtoto mgongoni, akaingia, akawasalimia watu wote kwa Kisukuma, "Mwadila,", akakaa benchi la mbele kabisa. Mjomba nusura aangushe maiki. Kumfukuza mkwe hawezi, kukaa naye wakitazamana hawezi. Akatundika kanga ya mkewe kwenye kamba, kati ya meza yetu na lile benchi, akaendelea.

Na ndipo, kama kwa makusudi, kwenye TV mvua ikaanza kunyesha, yule kijana akamshika binti mkono. Maandishi yalisema anakosa usingizi kwa ajili yake. Mjomba aliyaona, maana nilimwona akiyaona. Akatazama kanga. Akatazama TV.

"Hapa anamwambia..." akaanza, akakata. "Hapa anamwambia, dada! Dada yangu wa tumbo moja! Turudi nyumbani, mama anaumwa!"

Ikapita. Ila mjomba akawa amejifunga mwenyewe, kwa sababu ile sizoni ilikuwa ndefu, na wale wawili hawakuacha kutafutana. Kila wakisogeleana, mjomba alikumbusha kwamba mama anaumwa. Mama yule aliumwa sizoni nzima. Vijana walimhurumia. Bibi tukiwa kitandani alikuwa ananiuliza, "Hivi mama yao amepata nafuu?" na mimi namjibu, "Bado, bibi," kwa sababu kusema zaidi ya hapo ningeanzia wapi?

Sizoni ikaisha, watu wakabaki na kiu, halafu mjomba akapata filamu yake, ile inayoendeleza palepale sizoni ilipoishia. Akatangaza mtaa mzima kwa spika. Ijumaa nikaijaribu flashi kama kawaida kuona kama haigandi, nikaiangalia filamu yote. Nilipomaliza nikamfuata mjomba akiwa anapanga mabenchi.

"Mjomba, kuna harusi."

"Safi. Watu wanapenda harusi. Ya nani?"

"Ya kaka na dada."

Aliliweka benchi chini taratibu.

"Tutakata kabla ya hapo," akasema.

"Adui anawavamia palepale harusini. Pambano la mwisho liko hapo."

"Basi tutasema wanaigiza, wanamtega adui."

"Mjomba, wanabusiana."

Akakaa kwenye lile benchi. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Kwetu kaka kumwoa dada si jambo la kuchekesha hata kwenye katuni. Watu wangeinuka na kuondoka, na hilo lingeweza kusahaulika. Lakini bibi angerudi Sola na habari kwamba mume wa binti yake anaonyesha watu laana mchana kweupe, tena mbele yake, naye amempakata mjukuu. Mjomba angeishi na aibu hiyo kila akienda ukweni. Na kuusema ukweli, kwamba wale ni wapenzi, kulimaanisha atamke maneno ya mapenzi kwenye spika huku mkwe anasikiliza. Njia zote mbili zilikuwa na miiba.

"Mungu atafungua," akasema.

Jumamosi kibanda kilifurika. Bibi alikuwa benchi lake, mtoto amelala mapajani. Mapambano ya mwanzo mjomba aliyatendea haki. "Hapa anamwambia, leo utajua kwa nini kuku hana meno!" Vijana walipiga kelele, "Mpe ya shingo, steringi! Ya shingo!" Bibi naye alikuwa anakunja ngumi kichinichini. Niliomba umeme ukatike. Haukukatika.

Binti akatokea amevaa nguo nyeupe ndefu, maua kichwani. Mjomba akavuta pumzi.

"Hapa anamwambia, dada, twende haraka, mama..."

"DJ!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mama anaumwa na dada amevaa shela?"

Watu wakacheka. Kijana mwenye nywele nyekundu akatoa pete. Watu wakaacha kucheka.

"Oya! Anamwoa dada yake huyu!"

"Haa! Laana hiyo!"

Mzee mmoja wa pembeni akasimama, akaokota kofia yake. Mjomba akasimamisha picha, pete ikabaki hewani. Mdomo wake ulikuwa wazi na maiki ilikuwa mbele yake, lakini neno halikuja. Nikaona kabisa kwamba halitakuja, siyo kwa sababu hajui la kusema, ila kwa sababu ya ile kanga. Mkwe hasemi mambo hayo mbele ya mkwe. Ila mjukuu anayasema. Mimi na bibi hatuna kanga katikati yetu. Chumbani ananiita mke mwenzake, ananitania kuhusu wanaume ambao hata sijawaona. Katika kibanda kile kizima, mtu aliyeruhusiwa kumwambia bibi alikuwa mmoja.

Nikaichukua maiki. Sikupewa.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu nikaisikia ikitoka hadi barabarani, nyembamba, lakini yangu. "Huyu si dada yake. Hajawahi kuwa dada yake. Ni mpenzi wake tangu ile siku ya mvua. Mjomba alisema dada kwa sababu wewe ulikuwa umekaa hapo mbele."

Kibanda kikalipuka.

"Tumelishwa matango pori sizoni nzima!"

"Na mama je? Mama anaendeleaje?"

"Hakuna mama," nikajibu. "Mama wa huyu kijana alishakufa kabla katuni haijaanza."

Kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka. Mzee aliyeokota kofia akakaa tena. Bibi ndiye hakucheka. Akainuka na mjukuu wake, akaja hadi kwenye kanga, akasimama upande wake, uso ameuelekeza kwangu kupitia pembeni mwa kanga.

"Mwambie mjomba wako," akasema. "Huyo mke wake, yeye anadhani nilimwokota mtoni?"

Mjomba alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Hata hivyo nikamwambia, kwenye maiki, kama inavyotakiwa. "Mjomba, bibi anauliza, mke wako unadhani alimwokota mtoni?"

"Mwambie mama," mjomba akanong'ona, jasho linamtoka, "nilikuwa namheshimu."

"Bibi, anasema alikuwa anakuheshimu."

"Heshima nimeiona. Mwambie nimemwombea mgonjwa ambaye hayupo. Kanisani. Mpaka nikamtajia na mchungaji."

Hilo nilishindwa kulipeleka bila kucheka, na nilipocheka kwenye maiki mjomba naye akacheka, ameinamisha kichwa mezani, na upande wa pili nikaona mabega ya bibi yanatikisika.

"Haya," akasema alipotulia. "Mwambie arudishe nyuma hadi pale binti anapoingia kwenye hii picha. Nimeitazama vibaya yote. Na safari hii uongee wewe."

"Bibi apewe kibanda!" vijana wakapiga kelele. "Rudisha! Rudisha!"

Mjomba akarudisha. Halafu akainuka, akazunguka kwa nyuma asimpite mkwe wake mbele, akaenda kusimama mlangoni. Meza ikabaki yangu. Nilitegemea maneno yarudi yalikotoka, kama darasani, lakini kila nilichotakiwa kusema kilikuwa kimeandikwa pale chini, na mimi najua kusoma.

"Huyu binti," nikasema, "alikuja kwenye chuo kimoja kujifunza kupigana. Hana undugu na mtu yeyote."

"Eeh," bibi akaitikia. "Na huyo mwenye nywele nyekundu anamwambia nini?"

Kibanda kizima kilikuwa kinanisubiri mimi.

"Bado hajasema kitu, bibi. Anamtazama tu."