Mgeni wa Nne Yuko Huko Tayari

Simu ya hoteli ilinikuta kazini, nikipiga pasi shati la mteja.

"Dada, tunathibitisha nafasi yenu. Kitanda kikubwa kimoja, kidogo kimoja, na kile cha ziada mlichoomba."

"Cha ziada cha nani?" nikauliza. "Sisi tuko watatu. Mimi, mume wangu na mtoto."

Nilimsikia yule dada wa mapokezi akibonyeza kompyuta yake.

"Mbona jana mlituma ujumbe kwa namba hii hii? Mmesema muongezewe kitanda. Mmesema mgeni wa nne yuko huku tayari, atawakuta."

Nikasahau pasi. Shati la watu likaanza kutoa moshi.

Nilikagua simu yangu juu chini. Ujumbe wenyewe haupo. Nikamwambia yule dada labda kuna makosa, nitampigia. Lakini mwili ulikuwa umeshanisisimka, maana siku hizo nyumbani kwangu mambo hayakuwa mambo.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi ni dobi. Si wa beseni, wa mashine. Duka letu lina mashine kubwa za kufulia na pasi za mvuke. Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kuzunguka maghorofani akiwatoa watu waliokwama. Nilimkuta amefiwa na mke, ana binti ambaye sasa ni wa miaka saba. Huyo binti tunamwita Meneja kwa sababu anaamrisha watu utadhani anawalipa mshahara.

Tulikaa wanne: mimi, mume wangu, Meneja, na mama mkwe wangu.

Siku naingia kwenye ile nyumba, mume wangu alinipa sharti moja tu. "Usimzungumzie mama yake mbele ya mtoto. Atalia."

Nikaitikia. Nani anataka mtoto alie?

Basi marehemu hakutajwa. Si mezani, si jikoni, popote pale. Picha zake walishazitoa, ukutani ikabaki misumari mitupu. Vitu vyake vilifungiwa kwenye sanduku la bati, stoo. Mwaka mzima nilipita mbele ya ile stoo nikitembea kwa adabu, kama vile kuna mtu amelala ndani.

Na mwaka huo mzima Meneja hakunitaka. Aliniita "wewe". Nikimsogezea sahani, anaisogeza pembeni mpaka bibi yake aishike. Iliniuma, sisemi uongo. Nilikuwa naingia bafuni nafungua maji nalia.

Halafu tukaanza kupanga safari ya baharini.

Mimi bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda tu. Nikamwambia mume wangu, mtoto akifunga shule twendeni mahali, tulale hotelini, tupikiwe. Meneja alikuwa anachora pembeni. Akadakia jina la mji, ule wa hoteli nyingi ufukweni.

"Twende huko huko," akasema.

Mume wangu alibadilika sura. Akasema kuna joto, ni mbali, tutafute pengine. Lakini Meneja alishanishika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama mdogo, tutaenda kweli?"

Mama mdogo! Mimi! Ningemwambia hapana kwa mdomo gani?

Kuanzia hapo nikawa na mtoto. Anakula ninachompa, ananisimulia ya shule, anakaa mapajani kwangu tukiangalia picha za ile hoteli kwenye simu. Mama mkwe hakuwa safarini. Alisema magoti yake na mchanga havipikiki chungu kimoja. Mimi nikanunua kofia tatu. Nilikuwa na furaha hadi kazini wakanichoka.

Mambo yalianzia kwenye begi.

Nililipanga mapema kwa kiherehere changu, nguo zote zimelala bapa, kona kwa kona. Kukunja ndiyo kazi yangu, hata nikiwa usingizini nakunja. Jioni narudi, nafungua nitie taulo. Nguo zote zimeviringishwa! Zimekazwa moja moja, zimepangwa wima.

Nikajua ni mume wangu. Nikazipanga upya.

Kesho yake, zimeviringishwa tena. Safari hii katikati yake kulikuwa na ndara za kike. Si zangu, mguu wangu usingeingia hata ukipakwa mafuta.

Siku iliyofuata nikakuta gauni la njano. Lilinukia manukato mabichi, kama limevuliwa sasa hivi. Na katika nyumba ile hakuna anayejipaka manukato.

Nikamwita mume wangu aje aone. Alisimama mlangoni, akaangalia zile nguo, akakaa kitandani polepole.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akikunja," akasema.

"Nani?"

"Unajua nani."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja, na hata hapo hakumtaja. Alikuwa anaogopa. Mtu anayening'inia ghorofa ya kumi na mbili kwa waya!

"Tuahirishe hii safari," akasema.

"Nani anafungua sanduku la stoo?" nikamuuliza.

"Ufunguo upo kwa mama. Na mama hawezi hata kuinama."

Nilikwenda kumuuliza mama mkwe. Akapapasa kamba ya shingoni, ufunguo upo. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, mengine tusiyachokonoe."

Kazini nilimsimulia mwenzangu, mmoja tunamwita Redio, hazimiki. Nilitaka anitulize. Mwenyewe mkavu kabisa:

"Mke mwenzio huyo. Hajakubali kuachwa nyumbani. Usiende baharini shoga yangu, atakuvuta mguu."

Nilicheka, lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani. Usiku nikawa naota lile sanduku la bati linafunguka lenyewe.

Sasa ndiyo ikaja ile simu ya hoteli. Mgeni wa nne yuko huku tayari.

Ningeahirisha. Woga sina haya nao. Nikiona nisichokielewa miguu yangu haiombi ruhusa. Lakini kila nilipofikiria kufuta safari nilimwona Meneja akiniita tena "wewe". Safari ikifa, mtoto nimempoteza. Hilo nililiogopa kuliko marehemu.

Kesho yake mashine ya mvuke iliharibika, tukaruhusiwa mapema. Nikasema leo, iwe isiwe, namkuta. Nikajikaza kisabuni nikaenda nyumbani saa nane mchana, jua kali.

Sebuleni mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi. Kamba ya ufunguo haikuwa shingoni.

Mlango wa stoo uko wazi. Sanduku limefunguliwa.

Kutoka chumbani kwangu nikasikia mtu anaongea taratibu, kama anayembembeleza mwenzake.

"Hii utaivaa siku ya kwanza. Na hii usiku kukiwa na upepo. Usiwe na wasiwasi, mama, tunakuja."

Nilishika ukuta. Nikasukuma mlango.

Meneja alikuwa amepiga magoti mbele ya begi, bado na sare ya shule, anaviringisha blauzi. Chupa ya manukato iko pembeni yake.

Alikuwa peke yake.

Hakushtuka hata kidogo. Akanitazama kama meneja anavyomtazama mfanyakazi aliyechelewa.

"Unafanya nini?" sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Napanga nguo za mama. Alizoenda nazo atakuwa ameshazichoka."

"Alizoenda nazo wapi?"

"Baharini." Alishangaa swali langu. "Si ndiyo tunakwenda kumchukua?"

Nikakaa sakafuni.

Akanieleza vizuri, bila haraka. Mama yake alikuwa anaumwa. Siku moja walipanga begi pamoja, yeye na mama, kwa safari ya kwenda baharini kupumzika, kwenye mji ule ule wa hoteli nyingi. Mama alimfundisha kuviringisha, akamwambia nguo hivi hazichoki njiani. Halafu mama alitoka na lile begi. Hakurudi. Bibi akasema ameenda kupumzika baharini. Baba akasema ndiyo, akipona atarudi.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Siku ya mazishi walimpeleka kwa jirani akacheze.

"Shuleni wanasema amekufa," Meneja akasema. "Nikamuuliza bibi, akasema niachane na watoto waongo. Akasema nisikuulize wewe, utakasirika. Lakini wewe hukukasirika. Wewe ndiye uliyesema twende."

Nikaitazama ile blauzi mkononi mwake.

"Na kitanda?" nikauliza. "Wewe ndiye uliyewaandikia hoteli?"

Akainamisha kichwa. "Ulikuwa unaoga. Nikafuta, nikajua utasema ni gharama."

"Kitanda cha mama?"

"Hapana." Akanishika goti, kama anayempa mtu habari kwa upole. "Mama atalala na baba kwenye kile kikubwa. Cha ziada ni chako, mama mdogo. Sikutaka ulale chini."

Wasomaji wangu, nimewahi kuogopa maishani. Lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Kumbe mtoto alianza kunipenda kwa sababu nilikuwa nampeleka kwa mama yake. Na katika mipango yake yote alinikumbuka, akanitafutia pa kulala.

Mume wangu aliporudi nilimsubiri jikoni na mama yake. Nilisema bila kupaza sauti, maana nilijua nikipaza sitaishia hapo.

"Mlimwambia mtoto mama yake yuko baharini?"

Mama mkwe akaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Mtoto haambiwi kifo. Tulisubiri akue."

"Na wewe?" nikamgeukia mume wangu. "Tungefika kule, akashuka kwenye gari anaangaza macho ufukweni, ungemwambia nini?"

"Nilidhani amesahau," akasema. "Hakuwa anamtaja."

"Nani anamtaja humu ndani?"

Nikaona mwanaume mzima anavyosinyaa.

"Kutwa unawafungulia watu baki waliokwama," nikamwambia. "Mwanao amekwama miaka mitatu, na mlango umeushikilia wewe."

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe anakupenda. Mimi siwezi."

"Nikimwambia mimi nitakuwa ndiye niliyemuua mama yake. Utasema wewe. Mimi nitakaa pembeni yako."

Tukaenda. Meneja alikuwa ameketi juu ya begi ili lifunge. Mume wangu akachuchumaa mbele yake, akafungua mdomo, pakatoka machozi tu.

Meneja akaogopa. "Baba, lifti imeanguka na watu?"

"Hapana, mwanangu." Akavuta pumzi. "Mama yako hayuko baharini. Lile begi alikwenda nalo hospitali. Aliumwa sana. Akafa. Tulikudanganya, mimi na bibi. Wenzako shuleni walisema kweli."

Nilingoja kilio. Hakulia.

Alishuka kwenye begi, akalifungua. Akatoa gauni la njano, akalikunjua, akalilaza kitandani. Akatoa blauzi, akaikunjua. Moja moja, mpaka zote zikawa zimelala. Sisi wawili tumesimama kama mbao. Alipofika kwenye ndara akazikumbatia kifuani, ndipo akapiga ukelele ambao sitausahau hadi naingia kaburini. Mama mkwe kule sebuleni aliusikia, naye akaanza kulia kwa sauti, kama msiba umeingia siku ile.

Kwa kweli uliingia siku ile.

Hoteli nilifuta. Yule dada wa mapokezi akauliza na kile kitanda cha ziada nacho kifutwe? Nikamwambia vyote.

Meneja hakuniita "wewe" tena. Hakuniita chochote. Alizungumza kwa kichwa: ndiyo, hapana. Nilikubali. Nilijua nimekuwa mtu aliyeahidi kumpeleka kwa mama yake, halafu hakumpeleka.

Jumapili asubuhi akaja jikoni amevaa viatu.

"Amezikwa wapi?"

Tulikwenda wanne, mama mkwe na magoti yake. Nyasi zilikuwa zimelimeza kaburi, mume wangu akazing'oa kwa mikono. Meneja alisoma jina lililoandikwa pale, herufi moja moja, kwa sauti. Baba yake akaanza kumsimulia: mama yako alikuwa hivi, alipenda hivi, alicheka hivi. Maneno ya miaka mitatu yalimtoka kwa mkupuo, mengine hayaeleweki.

Mimi nilisimama nyuma. Pale hapakuwa mahali pangu.

Meneja akageuka, akanifuata. Akanitazama usoni muda mrefu.

"Mama mdogo. Na wewe ukifa, wataniambia?"

Nikapiga magoti tukalingana.

"Nikianza tu kuumwa, nitakuambia mimi mwenyewe. Wa kwanza wewe."

"Hata kama nitalia?"

"Hata ukilia."

"Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu."

Akaitikia kwa kichwa, kama amenipitisha kwenye usaili. Kisha akanishika mkono, tukarudi walipo wenzetu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema anayeficha kifo chenyewe humuumbua nani. Mimi nimeona: humuumbua mtoto. Watu wazima tunasema tunamwonea huruma, kumbe tunajionea huruma sisi, hatutaki kumwona akilia. Naye anabaki na mtu asiyezikwa, anamfulia, anamkunjia, anamwekea nafasi.

Kama kwenu yupo mtoto mliyemwambia fulani amesafiri, mwiteni leo. Mkalisheni. Mwambieni, na mkae naye alie.