Swali Lililopitia kwa Jaji

Juzi kwenye basi la kutoka Lewisham, hapa London, mama mmoja wa Kizanzibari alikuwa akimsimulia shoga yake alivyoitwa kukaa kwenye juri, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi ya jinai. Kijana alishitakiwa kwa kuvunja nyumba. Jirani aliapa kortini kwamba yeye alikuwa nyuma ya mlango na akamtambua kijana kwa sauti.

"Nikangoja aulizwe hiyo sauti ilisema nini. Mawakili wote wawili hawakuuliza."

"Si ungenyoosha mkono?"

"Thubutu! Juri haimsemeshi shahidi. Unaandika swali lako, karani anampelekea jaji. Niliandika, shoga, nikidhani nitafokewa."

Jaji alilisoma, akawaonesha mawakili, kisha yeye mwenyewe akamuuliza shahidi: mtu yule alitamka maneno gani?

Hapo mama akajishika koo. "Shahidi kainama. Kasema, 'Hakutamka neno. Alikohoa tu.'"

Shoga yake akajipiga paja. "Mkamwachia?"

"Tuliyosemezana chumbani siyatoi, sheria inakataza. Lakini uamuzi ulisomwa hadharani: hana hatia. Mama wa kijana alilia mpaka akashikwa asianguke."

Mimi miaka yote nikiamini kazi ya juri ni masikio tu. Kumbe inaruhusiwa kuuliza, alimradi swali lipitie kwa jaji, naye anaweza kulikataa. Nimebaki najiuliza ni wangapi hurudi nyumbani na swali zuri mfukoni, kwa kuogopa tu kuonekana wajinga.