Askari wa Bure

Mdogo wangu alishinda mchezo wa kwanza wa fainali ya sataranji, akashindwa wa pili. Wa tatu ulikuwa baada ya chakula cha mchana, dhidi ya msichana yuleyule wa Tororo mjini, na mshindi angepewa nafasi ya kusoma sekondari bure. Mimi niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, nikaanza kuuza chai Malaba. Njia nyingine ya kumsomesha sikuwa nayo.

Tuliketi nyasini nje ya ukumbi na ubao wa sataranji. Yeye alisoma karatasi aliyoandikia hatua za mchezo wa pili, mimi nikasogeza kete. Nikaangusha farasi, nikamwokota, nikamwangusha tena.

"Dada, tulia. Si wewe unayecheza."

"Soma."

Hatua ya kumi na moja, mpinzani alimwacha askari bila mlinzi. Mdogo wangu akamla. Ya kumi na tano, askari mwingine, akala. Ya kumi na tisa, farasi. Akamla kwa malkia, malkia akabaki pembeni, mfalme wetu peke yake. Hatua nne baadaye mchezo ukaisha.

"Huyu farasi ulimla kwa nini?"

"Si alijileta?"

"Hukuweza kumwacha?"

Akanishangaa. "Kumwacha namna gani?"

Hapo nikaelewa. Kabla ya sataranji nilimfundisha drafti ya vizibo vya soda, ile wanayocheza madereva wa malori kwenye foleni ya forodha. Katika drafti kula ni lazima. Usipokula, kete yako inachukuliwa. Nilikuwa nikimnyang'anya kizibo na kumcheka. Sheria za sataranji, ambako kula ni hiari, alizijua, ila mkono wake ulibaki kwenye vizibo.

"Mimi ndiye niliyekuharibu," nikasema.

"Basi nitengeneze haraka. Imebaki dakika ishirini."

Nikawa namwekea kete za bure, mkono wake ukinyooka naupiga. Mara ya sita aliukalia.

Walipoitwa nilisimama dirishani. Mapema tu yule msichana akasogeza askari asiye na mlinzi. Mkono wa mdogo wangu ukainuka. Ukarudi mapajani. Alifikiri muda mrefu, kisha akasogeza mfalme pahali salama.

Sikuweza kuendelea kutazama. Nilizunguka ukumbi sijui mara ngapi.

Alitoka kanzu imelowa jasho mgongoni.

"Nimepata nafasi," alisema, akaketi palepale kwenye ngazi, watu wakimpita.