Oskiloskopu ya Kando ya Bucha

Kwa miaka mingi niliijua oskiloskopu kwa picha tu. Ni chombo chenye kioo kidogo, na juu ya kioo hicho umeme unaopita ndani ya redio huchorwa kama mstari wa mwanga. Mstari ukilala, hakuna kinachopita. Ukipanda na kushuka kwa mpangilio, hiyo ni sauti. Mwenye chombo hicho habahatishi. Anaifuata sauti hatua kwa hatua ndani ya redio mpaka aone mahali inapoharibikia. Hayo niliyasoma katika magazeti ya ufundi niliyonunua yakiwa yamechakaa, mengine bila jalada, mengine bila ule ukurasa wa mwisho uliokuwa na majibu.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja eneo la Baba Dogo, na tuliishi mtaa wa Makadara. Mambo ya umeme nilijifundisha mwenyewe mezani kwangu, baada ya kazi. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kunisahihisha, nilijizoeza kuandika kila kitu. Nilipoona akiba yangu katika chama cha wafanyakazi inakaribia kutosha oskiloskopu iliyotumika (mpya zilikuwa za kutazamwa tu madirishani mjini), nilipiga mistari daftarini na kuandika maswali yangu kwa mpangilio. La kwanza: inafuata umeme unaocheza mara ngapi kwa sekunde? La pili: inachora mistari mingapi kwa pamoja? La tatu: kioo chake kina upana gani? Niliyaona kuwa maswali ya mtu anayejua anachotafuta.

Mtu pekee niliyeweza kumwonyesha daftari hilo alikuwa fundi wa redio wa mtaa wetu. Alinizidi miaka kama kumi na mitano. Kibanda chake cha mbao kiliegemea ukuta wa bucha, na stima yake ilitoka buchani kwa waya uliopitishwa dirishani. Hakuwahi kusoma ukurasa hata mmoja wa ufundi. Alifanya kazi kwa sikio. Alilowesha kidole, akagusa waya fulani ndani ya redio, akatega sikio kwenye spika na kusikiliza mvumo. Kisha alisema, "Huyu anaumwa kifua," au, "Huyu ni koo tu," na mara nyingi alikuwa sahihi. Nusu ya niliyoyajua niliyapata kwa kusimama mlangoni pake nikimtazama.

Alilisoma daftari langu akiwa amelishika mbali na macho.

"Karani," akasema, "kwa hivyo unataka kununua televisheni ya kutazama sauti?"

"Ndiyo, fundi."

"Na sauti yenyewe iko hapa bure." Akagonga sikio lake kwa kidole. "Mungu amekupa mbili. Ama zako umemkopesha mtu?"

Hata hivyo alikubali kunisindikiza mjini Jumamosi, siku tuliyofanya kazi nusu siku. Alisema mimi ningetazama karatasi, na yeye angenusa chombo ajue kama kimewahi kuungua.

Kabla sijafika kwenye safari hiyo, lazima nieleze habari ya amplifaya ya kanisa.

Tulisali kanisa moja. Watu wengine walitoa sadaka ya fedha, au kuku, au ndizi siku ya mavuno. Fundi alitoa kazi yake. Amplifaya ya kanisa, ile inayokuza sauti ya mhubiri, ilikuwa mikononi mwake tangu inunuliwe, na hakuwahi kupokea hata senti moja kwa kuitengeneza. Wazee wa kanisa waliliandika hilo kama fungu lake la kumi. Kwa hiyo kumrudishia amplifaya na kumwambia bado ni mbovu hakukuwa sawa na mteja kurudisha redio. Kulikuwa sawa na kumrudishia mtu sadaka yake mkononi, mbele ya watu.

Nao walikuwa wamemrudishia mara mbili. Tangu Pasaka amplifaya ilitoa filimbi nyembamba sana, kama mbu aliyekaa sikioni, ibada nzima. Watoto waliziba masikio. Mara zote mbili fundi aliifungua, akasikiliza, akakuta sauti safi, akairudisha. Mara ya pili mzee mmoja wa kanisa alimfuata kibandani na kumwambia kwamba ikiendelea kulia hadi Jumapili ya mavuno, wangeipeleka kwa mafundi wa mjini.

"Wanataka kuipeleka mjini, waipeleke," fundi aliniambia siku ile. "Lakini wasinisingizie. Hiyo kitu hailii."

Mimi nilikuwa nimeisikia ikilia kila Jumapili. Nilijibu kwamba pengine ni waya za ukumbini. Nilijua si kweli.

Duka la vifaa vilivyotumika lilikuwa kwenye ghorofa ya chini, kichochoroni. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, na alitutolea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa oskiloskopu kubwa ya valvu, zile taa za kioo za zamani, iliyotoka chuoni, nzito kama mtoto wa darasa la pili, yenye kioo kipana na mistari miwili. Ilishinda kila swali la daftari langu. Cha pili kilikuwa kidogo, cha transista, cha kubebwa kwa mkono mmoja, chenye mstari mmoja na kioo cha ukubwa wa mdomo wa kopo la maziwa. Uwezo wake ulikuwa sehemu ndogo ya ule wa kubwa. Bei zilikaribiana, kwa sababu kubwa ilikuwa kuukuu. Alikuwa pia na sanduku la vipande vya kujiundia oskiloskopu mwenyewe, lakini alicheka kabla sijauliza. "Hii nzuri sana," akasema. "Ukimaliza kuiunda, unatafuta oskiloskopu ya kuipima."

Nilikwisha kuamua kabla ile kubwa haijapata moto. Fundi aliinama akainusa mgongoni, akaitikia kwa kichwa kwamba ni salama. Mwenye duka akaunganisha mashine ya kutoa mlio, upande mmoja kwenye oskiloskopu na upande mmoja kwenye spika, ili tuone na kusikia kwa pamoja. Mlio ulianza chini, kama ng'ombe. Mawimbi mapana yakatokea kiooni. Akazungusha kishikizo, mlio ukapanda, mawimbi yakasongamana. Akapandisha zaidi, hadi ukawa mwembamba na mkali. Mimi niliziba sikio kwa kiganja. Mwenye duka alikunja uso.

Fundi alikuwa ameinama karibu na spika kuliko sisi sote, uso umetulia.

"Mbona umezima?" akauliza.

"Sijazima, fundi."

"Umezima spika."

"Spika inalia, mzee. Sikiliza."

Fundi akatazama kioo. Mawimbi yalikuwa pale pale, yamejaa tele, yanacheza. Kisha akageuka akaniona na kiganja changu sikioni. Nilikishusha, lakini nilikuwa nimechelewa.

Hatukununua kitu siku ile. Nilimwambia mwenye duka kwamba nitarudi. Tulirudi kwa miguu, tukaimaliza nusu ya barabara ya Jogoo Road.

"Ile ya kanisa," akasema hatimaye. "Inalia?"

"Inalia, fundi."

"Kama ile ya dukani?"

"Kama ile."

Alinigeukia. "Na wewe uliisikia tangu Pasaka."

"Niliisikia."

"Ukaniachia nigombane na wazee wa kanisa."

Nilikuwa nimedhani kunyamaza ni heshima. Kumbe nilimwacha peke yake na kitu asichoweza kukisikia, huku kila mtu mwingine akikijua.

"Maneno nasikia vizuri," akasema, kama anayejieleza kwa daktari. "Wewe nakusikia. Lori nalisikia. Ndege ndio sijawasikia siku nyingi. Nilifikiri wamehama Makadara, kwa sababu ya moshi."

Nyumbani nilifungua daftari, nikapiga mstari juu ya maswali yangu yote matatu na kuanza ukurasa mpya. Sasa swali halikuwa chombo gani ni bora. Swali lilikuwa ni kipi kingeweza kuonyesha filimbi ya amplifaya, ndani ya kibanda kile, kwa mtu yule, kabla ya mavuno. Kwa kazi hiyo hata ile ndogo ilikuwa na uwezo wa kutosha na kubaki. Filimbi inayosikika kwa sikio la mtoto ni jambo jepesi kwa oskiloskopu yoyote. Nilikuwa nimevutiwa na namba kubwa ambazo redio za mtaani hazikuzihitaji.

Kisha nikapima stima. Jioni tatu mfululizo nilipeleka mita yangu kibandani, na kila friji ya bucha ilipoanza kuvuma, sindano ilishuka na kutetemeka. Nilirudi kumuuliza mwenye duka habari hiyo. Alisema wazi kwamba ile kubwa ilihitaji stima iliyotulia, na kwamba chuoni ilikuwa na kifaa chake cha kuituliza. Buchani mstari wake ungepanda na kushuka pamoja na friji, na fundi asingejua kama anatazama amplifaya au nyama inayogandishwa. Ile ndogo haikujali sana. Nilimwomba mwenye duka aiwashe na kuizima mara kumi, nikahesabu sekunde za mstari kutokea, nikaangalia kama maandishi ya vishikizo yanasomeka bila miwani. Nikainunua.

Sikuiacha ile kubwa bila uchungu. Mistari miwili ni kitu kizuri, na sikupata tena nafasi ya namna ile ya kuimiliki.

Niliibeba ile ndogo hadi kibandani ikiwa imefungwa kwa kanga ya mke wangu. Njiani nilitayarisha maneno.

"Fundi, nina shida ya nafasi. Nyumbani meza ni moja. Naomba nikuwekee hapa kwa muda."

Alinitazama. "Karani, nyumba yako ina meza mbili. Nimekula kwenye zote."

Nilianza kuifungua kanga.

"Lete," akasema, akasogeza mafuvu ya redio pembeni.

Wiki ya mavuno tuliifungua amplifaya ya kanisa. Tuliunganisha oskiloskopu mahali pa spika kwanza, kisha spika yenyewe kando yake. Hakuna aliyekuwa akisema kwenye maikrofoni, kwa hiyo mstari ulipaswa kulala kama uzi. Haukulala. Ulikuwa mnene na wa kufifia kingoni, kama umeota nywele. Nilizungusha kishikizo cha kuutanua mstari, na nywele zikafunguka zikawa mawimbi, madogo, mengi, yanayolingana.

Fundi aliweka sikio kwenye spika. Akaliondoa. Akatazama kioo tena kwa muda mrefu.

Hapo mwenye bucha akatokeza kichwa dirishani. "Fundi! Zima hiyo kitu bwana, inanikata masikio! Wateja watafikiri nachinja panya!"

Nilitarajia fundi akasirike. Badala yake alisema polepole, "Kumbe hata wewe unaisikia kupitia ukutani."

"Nani haisikii?"

"Mimi," akasema fundi. "Sasa nipe kijiti cha mshikaki. Kilicho safi."

Kwa kijiti hicho alianza kugusa waya ndani ya amplifaya, mmoja mmoja, bila kuondoa macho kwenye kioo. Mimi ningetaka kufuata mchoro, hatua kwa hatua kama vitabu vinavyosema. Yeye alifuata mkono wake wa miaka yote. Alisukuma waya wa maikrofoni, na nywele zikapungua. Akauachia, zikarudi. Waya huo alikuwa ameubadilisha mwenyewe kabla ya Pasaka, na kwa kuwa hakupenda kukata waya mzuri, aliuacha mrefu, ukalala juu ya waya wa spika. Sauti iliyokuwa ikitoka ilikuwa ikirudi ndani na kutoka tena.

"Ni mimi," akasema. "Niliogopa kuharibu waya."

Akaukata, akaufupisha, akaupitisha kando, mbali na ule wa spika, na kuulehemu. Mstari ukalala, mwembamba na mweupe. Buchani friji ikaanza kuvuma. Mstari ukatikisika kidogo, ukatulia.

"Imenyamaza?" akaniuliza. Katika miaka yote niliyomjua, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kama kitu alichokitengeneza kimepona.

Nilitega sikio kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufanya. "Imenyamaza, fundi."

Jumapili ya mavuno alikaa benchi la mbele, akiwatazama watoto badala ya mhubiri. Hakuna aliyeziba masikio. Wazee wa kanisa hawakusema kitu, wala hawakutaja mjini tena. Mlangoni alinishika mkono wa koti.

"Imelia?"

"Haikulia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nawe uliwaona watoto."

"Niliwaona. Nilitaka kusikia kwako pia."

Oskiloskopu haikurudi nyumbani kwangu. Kila jioni nilipitia kibandani na kujifunzia pale pale, mezani kwake, nikiandika daftarini huku friji ikivuma ukutani. Wateja wake hawakuona mabadiliko makubwa. Alipoletewa redio alilowesha kidole kama zamani, akagusa waya, akainamisha kichwa na kutega sikio kwenye spika kwa sababu ndivyo walivyozoea kumwona. Mimi niliyesimama mlangoni ndimi niliyeona kwamba macho yake yalikuwa kwenye kioo.