Mtihani wa Ezron kwenye Mchele wa Conjesta

Conjesta alikuwa akipeta mchele wa Kamsamba sokoni Tunduma pale Ezron alipotokea, amevaa tai. Miaka minane ilikuwa imepita tangu mwanamume huyo amwache. Alikwenda baraza la kata akasema duka lao la vitenge pale Mlowo ni lake peke yake, na kwa kuwa alijua kusema, akapewa. Conjesta alitoka na ungo tu.

"Mama Blessing, hujambo?"

"Sijambo. Umepotea njia, au vitenge vimekwisha?"

Vilikwisha kitambo. Sasa Ezron alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anasoma biashara kwenye simu. Kozi yenyewe aliitunga mwalimu mmoja, Jenista, kwa ajili ya watu wazima wenye shughuli zao: madereva, mawakala wa forodha, wauza mahindi. Hakutaka wamkaririe vitabu. Kila mmoja alitakiwa kujifunzia kwenye kazi yake mwenyewe, kisha mwalimu anapiga simu ya video, anaiona kazi na kuwauliza wateja.

"Nimeandika kwamba meza hii ni yangu," Ezron alinong'ona. "Ni dakika chache tu. Wewe nyamaza."

Conjesta alikumbuka Mlowo. Duka la kwanza nalo lilikwenda kwa maneno matupu hivi hivi. Kabla hajafungua mdomo, simu ikaita, na uso wa Jenista ukajaa kwenye kioo.

"Karibu ofisini kwangu, mwalimu!" Ezron akasema, akizungusha simu.

"Asante. Naomba niongee na mteja."

Aliyekuwa karibu ni Stamili, mama ntilie wa stendi.

"Mama, huyu bwana anakuuziaje mchele?"

"Huyu?" Stamili aliinamia kioo. "Huyu hata debe hajui linashikwaje! Mchele ni wa Conjesta. Huyu aliondoka na duka la mwenzake, naona leo kafuata magunia."

Soko zima likaangua kicheko. Conjesta, aliyekuwa karibu kulia, alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Ezron, kumbe huna biashara?" Jenista aliuliza.

"Sina, mwalimu."

"Ungesema. Asiye na kazi anajifunza chini ya mwenye kazi, muhula mzima, na alama anatoa mwenye kazi. Mama, utamkubali?"

"Mimi sijui kuandika, mwalimu," Conjesta alisema.

"Utasema, mimi nitarekodi. Nimeipanga hivyo makusudi, maana wenye kazi wengi hawaandiki."

Conjesta alimtazama Ezron. Kumfukuza kungekuwa utamu wa siku moja. Muhula ulikuwa mrefu zaidi.

"Nitamkubali. Ila kwanza aseme hapa mwenye meza ni nani."

Ezron alikohoa. "Ni mama Blessing."

"Kule kwenye nyanya hawajasikia."

"Meza ni ya mama Blessing!" alipaza sauti, na kule kwenye nyanya wakapiga vigelegele.

Conjesta akamsukumia ungo. "Haya, vua tai. Anza kuchambua mawe."