Meza Iliyotoka Kwenye Mtumbwi wa Baba

Mtumbwi wa baba ulilala ufukweni Kiriba tangu tulipomzika, na mimi na kaka yangu hatukuugombania, kwa sababu hakuna aliyeutaka. Ugomvi uliletwa na sangara. Kiwanda cha samaki kilipofunguliwa mjini Musoma, kila mwenye ubao unaoelea akawa mvuvi. Kaka, aliyekuwa ameliacha ziwa na kushika jembe, akasema atauziba mtumbwi kwa pamba na lami arudi majini.

Nilimwambia mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi, umeoza. Nilichoma kisu chini ya tumbo la mtumbwi, kikazama mpaka mpini.

"Baba alikuwaga anavuka nao mpaka visiwani," akasema.

"Baba alikuwa na mtumbwi mzima, kaka."

"Wewe mhubiri, ziwa umelijulia wapi? Kwenye ubatizo?"

Nilimwambia tena kwamba utamzamisha, nikamsihi, nikasali. Siku aliyokwenda mjini kutafuta nyavu, nikachukua msumeno.

Mbao za kukalia ndizo pekee zilizonyooka, nikazifanya uso wa meza. Mataruma, yaani zile mbavu za mtumbwi, yalikuwa mvule mgumu uliopinda kama goti, nikayafanya miguu. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na misumari dukani ilikuwa bado ya kubahatisha, kwa hiyo niling'oa ile ya zamani nikainyoosha juu ya jiwe. Ikatoka meza fupi ya sebuleni, nzito, imetanua miguu kama fahali anayekataa kuvutwa.

Kaka aliporudi hakupiga hodi.

"Iko wapi mali ya baba?"

Nikamwonyesha. Akaipiga teke. Meza haikusogea, yeye ndiye aliyeinama kushika kidole chake.

"Ona! Hata meza yako ina kiburi kama wewe. Umemchinja baba ukamfanya pa kuwekea vikombe!"

Nikamletea kipande cha mkuku nilichomwekea nyuma ya mlango. Nilikibonyeza mbele yake, kikameguka kama mkate uliolowa.

"Umekiloweka mwenyewe," akasema. "Nyie wa kanisani mnajua sana kuandaa ushahidi."

Mke wangu akamkaribisha chai. Aliipokea, kwa kuwa shemeji yake hakuwa na kosa, akainywa amesimama, kisha akakiweka kikombe sakafuni.

Sasa sote tumezeeka. Kila Krismasi kaka huja kula kwangu, maana hiyo ni desturi ya nyumba yetu tangu enzi za wazazi. Birika la moto likiwekwa mezani, mbao bado hutoa harufu ya dagaa, naye hugeuza uso dirishani.

"Mnaisikia?" huwauliza wajukuu. "Hiyo ni harufu ya wizi."

Kikombe chake bado hukiweka sakafuni. Krismasi iliyopita mgongo ulimkatalia kuinama.

"Niokotee hicho kikombe."

Nilikiokota, nikataka kukiweka mezani, karibu naye.

"Hapo hapana. Nipe mkononi."

Nikampa. Kabla ya kula mimi ndiye huomba, na kila mwaka humshukuru Mungu kwa maneno yale yale: kwa ndugu yangu aliyeketi mbele yangu, mzima, mkavu. Amina yake huchelewa, na huisema kwa hasira. Lakini huisema.