Mashine ya Kifua ya Mama Drusilla

"Jumapili sitaki kodi yako, Obadiah. Nataka ufunguo wangu."

Ni Ijumaa, saa kumi alasiri, sokoni Ekerenyo. Drusilla Nyanchoka, shemasi wa Kisabato na mwenye chumba, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Ndani, mpangaji wake, Obadiah Mose, 27, haachi kazi. Anasugua kichwa cha sigara ya umeme kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti.

"Mama, mimi sivuti. Nasafisha tu."

"Hata anayeosha mitungi ya pombe ya chang'aa husema hivyo."

Bosire, mwendesha bodaboda, anacheka hadi anashikilia pikipiki. Muuza ndizi ameacha ndizi zake. Nani angengoja kusimuliwa mambo haya kesho?

Obadiah alianza kwa kutengeneza simu. Mwaka juzi mteja wa Kisii mjini alimletea sigara ya umeme iliyonuka kuungua. Akaifungua, akakuta pamba inayozungukwa na waya wa moto imekuwa masizi. Akaibadilisha, akasuuza kitangi kwa maji vuguvugu, akakausha. Mteja akarudi na wenzake. Sasa anapokea kama kumi na tano kwa wiki, shilingi mia na hamsini kila moja.

"Betri haiguswi na maji," anaeleza. "Watu wanachovya sigara nzima kwa beseni, halafu wanakuja kulia hapa."

Chumba kikienda, wateja nao wanaenda.

Drusilla anataka kuendelea, kikohozi kinamkatiza. Anafungua fundo la leso, anatoa kidude cha buluu, anakinyonya mara mbili akiwa amefumba macho. Kinakoroma. Harufu ya mnanaa inajaa mlangoni.

Kijiti kinamponyoka Obadiah. Leo asubuhi amefungua sigara mbili za aina hiyo hiyo.

"Ningesema palepale, ningeshinda," anasimulia baadaye. "Lakini kesho yake ni Sabato. Angeingiaje kanisani?"

Basi anasema tu: "Mama, mashine yako inakoroma. Ingia nikusafishie."

Mlango ukishafungwa, anakifungua kidude mezani, anapanga vipande vyake kando ya vile vya mteja. Kitangi, waya, pamba.

Drusilla anaangalia huku, anaangalia kule. Anakaa juu ya kreti ya soda.

"Nilimwambia yule mchuuzi nina pumu. Akaapa hii inafungua kifua. Miezi minane, tata, mwanangu. Hata kanisani, mbele ya pasta."

"Ina nikotini, mama. Ukikaa bila hiyo, hasira inapanda."

Drusilla anakunja leso yake. "Leo nilikaa bila hiyo tangu asubuhi hadi pale mlangoni."

"Nimeona."

Wiki inayofuata Drusilla mwenyewe anamweleza pasta. Ni mama huyo anayetaka haya yaandikwe, kwa sababu mchuuzi yule hakumuuzia yeye peke yake. Obadiah amemsindikiza kliniki, akaiona mashine halisi ya kusaidia wenye pumu kupumua.

"Nikidumu hapa mwaka mmoja," anasema, "nataka kusomea kutengeneza zile."

Lakini Ijumaa ile, mlango unapofunguliwa, Bosire bado yuko nje, masikio wazi.

"Amesafisha?"

"Amesafisha," Drusilla anajibu, kisha anamgeukia mpangaji wake. "Funga, tata. Ufunguo weka kwa mfuko wako. Mboga ya chinsaga iko tayari, na Sabato haiingii mpaka jua lizame. Kuja tukule."